Siku Kumi na Nne za Mwenyekiti

Huyu bwana ninayetaka kuwasimulia alikuwa na binti mmoja tu, aliyekwisha kuolewa mbali, na kwa desturi angeitwa kwa jina la huyo binti, mambo yakaishia hapo. Lakini watu wa machinjioni hawana subira na desturi. Walimwita Baba Mbuzi. Jina likamfuata mtaani, likaingia dukani, likafika hadi zahanati, mpaka siku moja mkewe akaitwa "Mama Mbuzi" mbele ya foleni nzima ya wagonjwa, akarudi nyumbani amevimba kama chura.

"Mimi nilizaa msichana," alimwambia mumewe. "Hao mbuzi ulizaa peke yako."

Baba Mbuzi alicheka tu. Angefanya nini? Miaka kumi na tisa alikuwa mtunza zizi la machinjio ya mji, na hakukuwa na mtu aliyewajua mbuzi kama yeye. Machinjio yenyewe yalikuwa mwisho wa barabara ya magereji, yamezungushiwa ukuta mrefu wenye lango moja la bati. Malori yalifika alasiri. Mbuzi walishushwa, wakalala zizini usiku mmoja ili wapumzike, asubuhi wakaenda zao. "Kwenda zao" ni maneno yake mwenyewe. Hakupenda kusema neno lingine.

Kazi yake aliifanya kama mtu anayepokea wageni wa heshima. Maji yakiwa na uchafu aliyamwaga akaanza upya. Mbuzi anayechechemea alimtenga, akamwinua mguu, akamtoa mwiba kwa ncha ya kisu, akampaka dawa, ingawa mbuzi huyo, kama angejua, alikuwa na saa chache tu mbele yake. Watu wa malori walimwogopa. Ukimshusha mbuzi kwa kumvuta mguu mmoja, utasikia sauti ya Baba Mbuzi kabla hujamwona: "Wewe! Hilo ni gunia la saruji? Mshike kifuani, mshushe kama mtu!"

Na sasa niwaambie jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza hucheka. Baba Mbuzi alipenda nyama. Hakuipenda kidogo kidogo kama wewe na mimi. Akikosa siku mbili anakuwa mkali, anaanza kuuliza chumvi iko wapi wakati iko mbele yake. Alipenda mbavu zilizokaushwa vizuri mpaka mfupa unalia ukiuvunja. Vidole vile vile vilivyokuwa vikikuna masikio asubuhi vilichambua mfupa jioni, wala hakuona vinagombana. Binti yake alipokuwa mdogo aliwahi kumwuliza mezani, "Baba, huyu alikuwa anaitwa nani?" Akamjibu, "Huyu hakuwa na jina. Kula, chakula kinapoa." Na lilikuwa jibu la kweli, maana alikuwa amejiwekea sheria zake. Hakuwapa mbuzi majina. Hakuwatazama usoni zaidi ya ilivyohitajika. Na katika miaka yote kumi na tisa hakuwahi kukanyaga ukumbi wa kuchinjia. Kazi yake iliishia mwisho wa ujia, mlangoni. Ng'ambo ya mlango ilikuwa kazi ya Kisu.

Kisu alikuwa mchinjaji mkuu, mtu mpana, mwenye utani na sauti ya upole isiyolingana na mabega yake. "Baba Mbuzi," alikuwa akimwambia, "sisi wawili ni kama mkunga na mchimba kaburi. Tunamhudumia mtu mmoja lakini hatukutani."

Katika sheria zake zote, kabla ya siku hizi nitakazosimulia, Baba Mbuzi alivunja moja, tena mara moja tu.

Miaka tisa nyuma, mbuzi mmoja wa mgongo mweupe alishushwa kwenye lori akiwa na tumbo ambalo hakuna aliyelitazama vizuri. Alfajiri Baba Mbuzi akafika kazini akakuta wako wawili. Mama akaenda zake siku hiyo hiyo, kama karatasi zilivyosema. Mtoto hakuwa kwenye karatasi yoyote. Alikuwa dume, kichwa kikubwa, miguu kama vijiti vya kuwashia moto. Baba Mbuzi akamficha kwenye stoo ya nyasi, akawa anamletea maziwa kwenye chupa ya soda, maziwa ya chai ya mkewe. Mkewe alipogundua chai yake inazidi kuwa nyeusi alipiga kelele, kisha akauliza mtoto anakunywa mara ngapi kwa siku, kisha akaanza kuyapasha moto yeye mwenyewe.

Yule mtoto akakua akimfuata Baba Mbuzi kila hatua. Na mbuzi wengine, walipomwona mwenzao anatembea bila wasiwasi, wakamfuata yeye. Msimamizi wa wakati ule alikuwa na macho. Akasema, "Huyu asiguswe. Huyu ni mfanyakazi."

Kazi ikawa hivi. Jioni mbuzi huyo alilala katikati ya wageni. Wageni walifika wakitetemeka, wakilia, wakipandana migongoni, wakamkuta mwenzao amekaa anacheua kama yuko kwao. Basi nao wakatulia mmoja mmoja. Asubuhi aliinuka, akatangulia kwenye ujia, wao nyuma yake, bila fimbo wala kelele. Mwisho wa ujia kulikuwa na mlango mdogo wa pembeni. Yeye alipinda hapo, akatoka nje, akamkuta Baba Mbuzi na chumvi kiganjani. Wenzake wakaenda mbele.

Kisu ndiye aliyempa jina. "Anatangulia, wote wanamfuata," alisema, "na lile jambo lenyewe halimpati. Huyu ni Mwenyekiti."

Miaka tisa, watu wangu. Mwenyekiti akaota ndevu na kitambi. Alikuwa akiingia ofisini kwa Meneja kula karatasi, na mara moja alikula nusu ya ratiba ya likizo, wafanyakazi wakampigia makofi. Baba Mbuzi alikunywa chai ya saa nne akiwa ameegemea ubavu wake. Ukimwuliza huyu ana tofauti gani na wale themanini wa leo, angekutazama kana kwamba umemwuliza mkewe ana tofauti gani na abiria wa basi.

Sasa tuje kwenye siku zenyewe.

Mwaka huo machinjio yaliletewa njia mpya ya chuma. Ilikuwa na kuta ndefu pande mbili, imepinda kama mkia wa paka, mbuzi akiingia haoni mbele wala nyuma, anakwenda tu. Haikuhitaji wa kutangulia. Ule ujia wa zamani ungevunjwa. Pamoja na njia hiyo wakaja wakaguzi kutoka makao makuu na fomu zao, wakaandika makosa ishirini na mawili. La kumi na saba lilisema: kuna mnyama anayeishi ndani ya machinjio. Aondolewe kabla ya mwisho wa mwezi.

Meneja alimwita Baba Mbuzi ofisini, akafunga mlango, jambo ambalo hakulifanya kwa kawaida.

"Mzee wangu, unajua sheria."

Baba Mbuzi aliijua. Ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu langoni, naye aliwahi kuipaka rangi upya kwa mkono wake: MNYAMA AKIINGIA HATOKI HAI. Si ukatili. Ni kwa sababu ya magonjwa, maana mbuzi wa kila upande walipita pale, na mmoja akirudi mtaani anaweza kurudi na balaa la wote.

"Lakini huyu hakuingia," alisema Baba Mbuzi. "Huyu alizaliwa humu ndani."

Meneja akafikiri. Alikuwa mtu mzuri, na hiyo ndiyo shida ya hadithi hii, kila mtu alikuwa mzuri. "Hapo sasa umenishinda," akasema. "Nenda kwa Dokta. Akiandika karatasi ya kumtoa, mimi sitamzuia."

Dokta alikuwa daktari wa mifugo wa pale machinjioni, msichana wa umri wa binti yake, mfupi, mwenye buti kubwa kuliko yeye. Alimsikiliza Baba Mbuzi akiwa anaosha mikono, akaendelea kuosha muda mrefu baada ya mikono kuwa safi.

"Utampeleka wapi, baba?"

"Kwangu. Nina uwanja mdogo. Mama mkwe atapata wa kugombana naye."

Dokta akacheka. Akafungua kitabu kinene cha kanuni, akasoma, akarudi nyuma kurasa mbili, akasoma tena. Mwishowe akasema kuna njia moja, nyembamba. Mwenyekiti akae peke yake siku kumi na nne kamili, bila kuguswa na mbuzi mwingine, bila kuchangia maji wala nyasi. Damu itachukuliwa siku ya kwanza na siku ya mwisho. Damu ikiwa safi mara zote mbili, na akawa hajakutana na mnyama yeyote, atasaini.

"Siku kumi na nne," akarudia. "Nimehesabu. Zinaisha siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Hatuna nafasi ya kukosea."

Baba Mbuzi akatoka pale anatembea kama kijana aliyekubaliwa posa.

Akamjengea Mwenyekiti kibanda cha mbao nyuma ya stoo, mbali na zizi. Damu ya kwanza ikatoka safi. Nyumbani akapigilia nguzo uwanjani, akatafuta ndoo yenye mpini imara. Mama mkwe wake, bibi wa meno manne na maneno elfu, alitoa kiti nje akasimamia ujenzi. "Mbuzi mwenyewe ana cheo," alisema, "halafu mnamjengea kibanda kama cha kuku? Inua paa hilo, mwenyekiti asije akainama kwetu."

Siku ya tatu, ya tano, ya nane. Mwenyekiti hakupenda upweke. Alilia. Alisimama kwenye uwazi wa mbao akitazama upande wa zizi, hasa alasiri malori yakiingia, kama mtu aliyestaafishwa anayesikia kengele ya kazini. Na kule zizini mambo yaliharibika. Njia ya chuma ilikuwa bado inafungwa bolti, ujia wa zamani ndio uliotumika, na wa kutangulia hakuwapo. Fimbo zikarudi. Baba Mbuzi alizisikia asubuhi zote, akajiambia zimebaki siku chache.

Siku ya kumi na moja likaja lile lori.

Lilikuwa limekwama njiani kutwa mbili kwenye mvua. Lilipofunguliwa mbuzi hawakushuka, walimwagika. Walikuwa wamelowa, macho yametoka, wawili walikuwa wamekwisha kufa chini ya wenzao. Walipoingizwa zizini wakaanza kukimbilia kona moja, wote kwa pamoja, wakapandana kama mawimbi yasiyo na pa kupiga. Wa chini walikuwa wakilia kwa ile sauti ambayo, nadhani mmewahi kuisikia, inafanana mno na ya mtoto. Baba Mbuzi akaingia katikati yao akivuta, akiinua, akisukuma. Akimtoa mmoja, watatu wanapanda. Akaita wenzake, walikuwa upande wa pili wakishikilia vyuma vya njia mpya. Mbuzi jike mmoja mdogo alikuwa amebanwa ukutani, ulimi nje, akimtazama. Hapo akavunja sheria ya kutotazama.

Nataka mumwelewe, maana yeye mwenyewe hakujielewa baadaye. Mbuzi wale wote walikuwa waende zao kesho asubuhi. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Mtu mwingine angesema, basi wafe leo au kesho, kuna nini? Lakini mikono ya miaka kumi na tisa haina habari na kesho. Mikono ilijua dawa moja ya kelele ile. Akakimbia nyuma ya stoo, akafungua kibanda, na Mwenyekiti hakungoja kuambiwa. Alikwenda mbio za mzee, kitambi kikicheza, akaingia zizini, akapita katikati ya ghasia yote, akakaa chini. Akaanza kucheua.

Kelele zikapungua. Mmoja akashuka kutoka mgongoni mwa mwenzake, akamsogelea, akamnusa. Mwingine akafuata. Katika muda wa mtu kunywa kikombe cha chai, zizi zima lilikuwa limetulia, na yule jike mdogo alikuwa amesimama kwa miguu yake, anatetemeka, kidevu amekiweka juu ya mgongo wa Mwenyekiti.

Baba Mbuzi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na furaha. Ndiyo, furaha! Ilikaa moyoni kidogo tu, kabla hajasikia buti.

Dokta alikuwa amekuja kuwakagua waliofika, kama kazi yake ilivyo. Alisimama kwenye uzio na ubao wake wa kuandikia. Akamwona Mwenyekiti. Akaingia, akaanza kuwapima mmoja mmoja, akifungua midomo, akitazama fizi. Wa sita akamshika muda mrefu. Akamrudia. Wa kumi na tatu pia. Walikuwa na vidonda mdomoni.

"Dokta," alisema Baba Mbuzi, "ilikuwa robo saa tu."

"Naona, baba."

"Walikuwa wanakufa."

"Najua walikuwa wanakufa." Sauti yake ilipanda ikashuka. "Baba, kwa nini hukuniita mimi?"

"Ungefanya nini?"

Na huo ndio ukweli, asingefanya kitu.

"Tuanze tena," akasema Baba Mbuzi. "Siku nyingine kumi na nne."

"Mwisho wa mwezi ni baada ya siku tano. Na hata ningepewa mwaka, hawa wawili nikiwaandika, na lazima niwaandike, zizi lote linahesabiwa kundi moja. Yumo humo."

"Basi fanya kama hukuona."

Hilo alilisema kwa sauti ndogo, na alipolisema alitazama ukuta. Miaka kumi na tisa alikuwa akiwafukuza watu wa malori waliomwambia maneno kama hayo.

Dokta akavua glavu moja, kidole kimoja kimoja. "Ningekuwa sikuona ningesaini, tena kwa furaha. Lakini akitoka na kitu mdomoni, kikaingia kwenye mbuzi za watu wa mtaani kwako? Hao nao si mbuzi?" Akafuta macho kwa mkono ambao bado ulikuwa na glavu, akajipaka tope usoni, akaenda kuandika.

Vidonda vile, niwaambie kabisa msije mkaniuliza, havikuwa ugonjwa mkubwa. Majibu yalirudi baada ya siku mbili: ni miiba ya nyasi za safarini. Nyama ikaruhusiwa. Lakini upweke wa Mwenyekiti ulikuwa umekwisha kuvunjika, na kanuni haikuuliza kuhusu miiba, iliuliza kuhusu siku kumi na nne. Baba Mbuzi alikwenda kwa Meneja. Meneja akapiga simu makao makuu mbele yake, spika imefunguliwa, akaomba wiki mbili. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya adabu sana. Ilisema inaelewa. Ilisema ripoti lazima ionyeshe makosa yote ishirini na mawili yamerekebishwa. Ilisema pole.

"Chukua likizo siku watakayomchinja," Meneja akamwambia. "Kaa nyumbani, mzee wangu. Usiwepo."

Usiku wa kuamkia siku hiyo mkewe naye akamwambia asiende. Alilala akisema haendi. Asubuhi akavaa buti.

Alipofika, vijana wawili wa Kisu walikuwa wamemshika Mwenyekiti pembe, wanamvuta kwenye mdomo wa njia mpya ya chuma. Hakuwahi kuiona. Ilinuka rangi. Ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kuvutwa na mtu, akakita miguu ya nyuma chini akapiga kelele, naye mwenye sauti nzito kama ya mzee anayeita majina ya daftari.

"Mwacheni," alisema Baba Mbuzi.

Wakamwacha. Mwenyekiti akamkimbilia, akamsukuma tumboni kwa paji la uso kama alivyozoea, kana kwamba anamwuliza amechelewa wapi. Baba Mbuzi akamkuna nyuma ya sikio. Alitazama lango. Alitazama ukuta, urefu wake, chupa zilizovunjwa juu yake. Nimemfahamu mtu huyu, nawaambia alipima kila kitu kwa macho, akarudi pale pale.

Halafu akageuka, akaingia yeye kwenye njia ya chuma. Hakuita. Mwenyekiti akamfuata.

Kuta zilikuwa ndefu, kweli hukuona mbele wala nyuma. Alisikia kwato nyuma yake, kok, kok, kok, bila haraka. Njia ikapinda mara moja, ikapinda mara ya pili, na mwisho wake ulikuwa ukumbi ambao hakuwahi kuuona, mweupe, umeoshwa, una mwanga mwingi kuliko alivyodhani. Kisu alikuwa amesimama na aproni safi. Hakufanya utani. Alisema tu, "Kaka, mshike wewe kichwa, ataogopa mikono yangu."

Akamshika. Kisu alikuwa mwepesi. Baba Mbuzi alibaki ameshika kichwa hata baada ya kuambiwa aachie.

Saa sita mchana Meneja akamwita tena. Alikuwa ameweka karatasi mezani yenye mihuri miwili. Wakubwa wamekubali, alisema, na alionekana kufurahi kuwa na kitu cha kutoa. Nyama ya Mwenyekiti haitauzwa. Ni yake yote. "Ni haki yako, mzee wangu. Umemlea."

Mlinzi wa lango, ambaye hakumruhusu mtu kutoka hata na msumari, alifungua gunia lililofungwa nyuma ya baiskeli, akasoma karatasi kwa sauti kama alivyosoma zote: "Mbuzi mmoja, dume, mzima, amekaguliwa." Akapiga muhuri wa tatu. "Haya, pita."

Akapita. Siku hiyo hakupanda baiskeli, aliisukuma mpaka nyumbani.

Mkewe alimwona na gunia, akajua. Alimpokea bila kuuliza. Baba Mbuzi akaenda moja kwa moja kuchukua jembe, akaanza kuchimba uwanjani, kando ya ile nguzo. Akachimba mpaka magotini, udongo ukawa mawe.

"Mume wangu," mkewe alisema taratibu. "Mbwa wa mtaa watamfukua kabla hujanawa mikono."

"Nitaweka mawe juu."

"Ulimwekea mawe yule paka wa jirani uliyemzika. Walimfukua."

Hilo lilikuwa kweli. Akasimama ndani ya shimo akiwa ameegemea jembe. Mbwa walikuwa tayari wamesikia harufu, wawili walikuwa wamekaa nje ya uzio, wametulia, wana adabu.

"Ama mbwa wamle, ama tumle sisi," alisema mama mkwe kutoka kwenye kiti chake. Halafu, kwa sauti ambayo hawakuizoea kwake, "Mwanangu, mimi sina la tatu. Kama unalo, lilete."

Hakuwa nalo. Mkewe akachukua gunia.

Nyama ya mbuzi wa miaka tisa haiivi kwa haraka. Ilianza jikoni mchana, jua likateremka, maji yakaongezwa mara nne. Baba Mbuzi alikaa sebuleni dirisha likiwa limefungwa, akisema hatakula, na mkewe akamwambia nani amekulazimisha, nimekupikia maharage. Lakini harufu haifungiwi dirisha. Ilipita chini ya mlango, kitunguu kwanza, kisha tangawizi, kisha yenyewe. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana. Akahisi mate yanajaa. Akayameza kwa hasira, yakajaa tena. Alikaa pale na mdomo wake kama mtu aliyekaa na mgeni mwizi, anamjua, hana la kumfanya.

Wakaketi. Mkewe akamwekea wali na maharage, sufuria ya nyama akaiweka upande wa mama yake, mbali. Walikula, mkewe vipande viwili tu, amekunja uso kama anayekunywa dawa. Bibi alikuwa na kipande chake shavuni muda mrefu, anakipeleka kushoto, anakirudisha kulia, meno manne yakitafutana. Mwishowe akakitoa, akakitazama.

"Huyu," alisema, "alikuwa mbishi kuliko marehemu mume wangu."

Baba Mbuzi akacheka. Alicheka kwa nguvu, mpaka mkewe akashtuka, kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, mabega yakawa yanatikisika bila sauti, machozi yakaingia kwenye wali. Wakamwacha. Alipotulia akafuta uso kwa kiganja, akavuta sahani, akachukua tonge la maharage akalirudisha. Alisema neno, mkewe hakulisikia vizuri, labda "pole", labda si hilo.

Kisha mkono wake ukavuka meza, ukaingia kwenye sufuria. Akachukua ubavu, akaweka mdomoni. Alitafuna muda mrefu, maana ilikuwa ngumu kweli, huku amefumba macho, na mkewe akatazama pembeni, akamsogezea bakuli la mchuzi karibu.